Majina Yangu Ndani ya Programu ya Wengine

Kwa miaka mitatu mimi na komperi wangu tulifanya kazi katika chumba kimoja cha Nyalukemba, hapa Bukavu. Namwita komperi, naye huniita komeri, kwa sababu ndiye aliyesimama kanisani kama baba wa ubatizo siku binti yangu anabatizwa. Kabla ya hapo alikuwa mwenzangu wa chuo kikuu, mtu mrefu, mpole, ambaye alimaliza zoezi kabla ya mwalimu kumaliza kulisoma. Wengine walimwogopa. Mimi nilimpenda kama kaka, labda kwa kuwa sikuwa na kaka.

Chumba kilikuwa cha shangazi yangu, nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili za mkononi zilizochakaa, betri ya gari iliyounganishwa na paneli ya sola juu ya mabati, na dirisha ambalo mtu akijipinda kidogo aliona kipande cha ziwa. Shangazi alituletea chai ya maziwa saa nne, akatuuliza kama ile kazi yetu inaonekana kwa macho au bado. Tulimwambia bado.

Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi hadi Nyangezi kumwona rafiki yake, muuguzi wa kituo cha afya kinachosimamiwa na Kanisa. Tulimkuta amepiga magoti sakafuni, akitafuta ukurasa wa mtoto mmoja ndani ya madaftari yaliyolowa mvua. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni, akingoja. Ukurasa haukuonekana. Mtoto akachomwa sindano ambayo pengine alikwisha kuchomwa. Kesho yake asubuhi nilimweleza komperi, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumeanza kuchora kwenye karatasi programu ya kutunza kadi za watoto.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze jambo moja. Ndani ya programu kila kitu lazima kipewe jina: uzito wa mtoto, tarehe, orodha ya sindano, hata hatua ndogo ya kujumlisha. Mashine haijali jina gani. Ukiita uzito "x" itafanya kazi vilevile. Majina ni ya watu, wale watakaokuja kusoma baadaye wajue mwenzao alikuwa anafikiria nini. Komperi alitaka tuandike kwa Kifaransa kama tulivyofundishwa. Mimi nilikataa. Nilisema muuguzi wa Nyangezi hafikiri kwa Kifaransa anapomweka mtoto kwenye mizani. Tukabishana siku mbili, halafu akaacha. Nikaandika kilo_ya_mutoto. Nikaandika siku_ya_kuzaliwa. Nikaandika chanjo, lakini siku ile nilikuwa nimechoka, mkono ukateleza, nikaandika chajno. Tulipogundua, neno lilikuwa limeenea katika faili nyingi na programu ilikuwa inatembea vizuri. Komperi alicheka, akasema tuliache hivyo hivyo, litakuwa muhuri wetu.

Jina jingine lilikuwa mama_iko. Lilijibu ndiyo au hapana: mama wa mtoto yu hai? Muuguzi ndiye aliyeliomba, maana mtoto asiye na mama huangaliwa kwa namna nyingine, hasa akiwa mdogo. Lakini mimi nililiandika kwa sababu yangu pia. Mama yangu alifariki nikiwa na miezi tisa. Kadi yangu ya kliniki iliendelea kubeba jina lake, na kila muuguzi mpya alimwuliza shangazi mama wa huyu yuko wapi, na kila mara shangazi alijibu mbele yangu. Nilimsimulia komperi hayo siku ile ile nilipokuwa naandika. Aliacha kazi yake, akavuta kiti karibu, akasoma mistari yangu kwenye kioo. "Acha ivyo," alisema. "Iko muzuri."

Programu ilianza Nyangezi, halafu katika kituo kingine kimoja. Binti yangu alizaliwa, komperi akawa komperi kweli. Kisha mfadhili aliyekuwa ametupatia zile kompyuta aliondoka, na komperi akaniambia amepata kazi ya kusimamia magari na maghala katika shirika moja Goma. Alisema amechoka na kompyuta, anataka kazi ambayo mtu anaishika kwa mikono. Sikuumia. Nilimpikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na fufu, shangazi akamwombea safari njema, tukampeleka bandarini kupanda boti. Mimi nikabaki na mtoto, na masomo machache ya kufundisha, na simu za muuguzi wa Nyangezi kila programu ilipokwama. Kituo kile kingine kiliacha kuitumia. Nyangezi haikuacha.

Ilipita miaka minne. Siku moja mtawa anayeongoza ofisi ya afya ya vituo vya Kanisa aliniita. Ni mwanamke wa maneno machache, mwenye kusikiliza huku amefumba macho, hata unadhani amelala. Aliniambia vituo vyote sasa vitapata programu mpya, imetengenezwa na kampuni ya nje, imekwisha kuanza katika kituo cha Sange na inafika hapa polepole. Alihitaji mtu wa kuhamisha kadi za Nyangezi kutoka programu ya zamani kwenda mpya, na hakuna aliyeijua ya zamani isipokuwa mimi. Mkataba uliruhusu ofisi yake kuona msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu. Akanipa yote kwenye flash, akanipa na meza karibu na dirisha.

Nakiri niliona wivu kidogo. Lakini nilifurahi pia. Nilijiambia kwamba kitu tulichokianza chumbani kwa shangazi sasa kinafanywa na watu wenye uwezo.

Kazi ya kuhamisha inaanza kwa kujua kipi kinaitwaje wapi. Programu mpya ilikuwa na mamia ya faili, na hakuna mtu anayesoma mamia ya faili kwa macho. Kwa hiyo niliandika skripti, mistari michache ya amri ambayo kompyuta inaifuata mmoja baada ya mwingine. Niliweka majina yangu yote ya zamani katika faili moja, kila jina mstari wake. Skripti ilichukua jina la kwanza, ikaiita grep, amri ya kutafuta neno, ikaituma ipite katika kila faili ya programu mpya, na palipopatikana neno iandike faili gani na mstari wa ngapi. Kisha jina la pili. Kisha la tatu. Sikutarajia kukuta hata moja. Nilitaka tu nianze na karatasi safi, nijue kwa hakika kwamba majina ya huku na ya kule hayagongani.

Skripti ilimaliza kabla sijashusha kikombe mezani. Haikukuta kitu. Niliandika kwenye daftari langu kwamba hakuna jina la pamoja, nikaendelea na kazi.

Baada ya siku tatu muuguzi wa Sange alipiga simu ofisini, nikapewa mimi nimjibu. Ni mwanamume mzima, amezoea joto la bonde la Ruzizi na anaongea taratibu kama joto lenyewe. Alisema ameandika mtoto wa kilo saba nukta mbili, lakini kwa kuwa tumefundishwa shuleni kuweka mkato badala ya nukta, ameandika 7,2, na mashine imemwandikia kilo sabini na mbili. "Maman, mutoto wa kilo sabini na mbili nitamubeba namna gani?" aliniuliza, bila kucheka.

Kosa hilo nalijua. Ni langu. Nyangezi lilitokea mwezi wa kwanza, nami nikamwambia muuguzi wa kule aweke nukta, nikaahidi kurekebisha, sikurekebisha. Watu wawili wanaweza kufanya kosa moja, hilo hutokea. Lakini hili lilikuwa na tabia yake. Nilimwomba ajaribu mkato na tarakimu mbili nyuma yake. Akajaribu. Mashine ikakataa na kuandika ujumbe kwa Kifaransa, naye akanisomea: neno moja lilikuwa limerudiwa mara mbili. Ujumbe ule ulikuwa wangu, mmoja kati ya zile chache nilizomkubalia komperi ziwe kwa Kifaransa, na neno nililirudia mimi.

Nilirudi kwenye meza yangu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiambia grep itafute neno zima tu, lisiloshikana na jingine, tena katika faili za programu yenyewe peke yake. Sasa nilibadilisha. Niliiambia itafute hata neno likiwa limefichwa katikati ya neno jingine, isijali herufi kubwa wala ndogo, ipite hata faili za majaribio, maelezo, na takataka zinazosahauliwa pembeni. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba karani wa ofisi alikuwa ameacha kuongea. Nilibonyeza.

Mistari ilitoka mmoja mmoja. Neno chajno lilikuwamo mara kumi na moja, limebanwa kati ya maneno ya Kiingereza. Kilo_ya_mutoto ilikuwamo mara mbili. Na katika faili moja ya majaribio, kwa herufi zile zile ndogo, mama_iko.

Mtu alikuwa amepita na kubadilisha majina yangu moja kwa moja, lakini pale majina yalipokuwa yameshikamana na mengine, au yamekaa katika faili za pembeni, mkono wake haukufika. Nilifungua faili hizo. Nikaweka yangu kushoto na yao kulia. Hatua zilifuatana vilevile, hata mahali nilipochukua njia ndefu kwa kuwa nilikuwa sijui fupi. Juu kabisa ya faili kuu paliandikwa mwandishi. Lilikuwa jina la komperi wangu, kamili, na la ubatizo pia. Jina moja tu.

Niliendesha skripti tena. Sijui nilitegemea nini. Ilitoa mistari ile ile kwa mpangilio ule ule. Nikaichapa kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia karani kichwa kinaniuma. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani katika matope, sikumbuki njia niliyopita. Nilichokuwa nakumbuka ni kiti kinavutwa karibu na changu, na sauti ikisema iko muzuri.

Nilipompigia simu nilijua jambo jingine: hakuwa Goma. Alikuwa amerudi Bukavu, anaishi upande wa Muhumba, karibu mwaka mzima. Alinikaribisha Jumamosi mchana kwa furaha ya kweli, hilo ndilo lililonichanganya. Mke wake aliniletea fanta, akaniuliza habari za mtoto, akanionyesha pazia jipya. Alipoingia jikoni nilitoa karatasi, nikaiweka mezani, nikaikunjua kwa kiganja.

Aliisoma hadi mwisho. Akairudia kutoka juu. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo sijui nilichukulieje.

"Ulitafuta na nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza hata kuhusu neno zima na neno lililoshikamana, kama tulivyokuwa tukielezana zamani. Akatikisa kichwa, polepole, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake.

"Nilibadilisha yote," alisema. "Ile ya kushikana njo ilinipita."

Halafu akasimulia, bila mimi kumwomba. Goma hakukuwa na magari wala maghala. Kampuni ilikuwa imemchukua tangu mwanzo kwa sababu aliwaonyesha programu yetu. Walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi kwamba kazi ni yake, kwa sababu mambo ya watu wawili yana matata mbele ya wanasheria. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Programu, alisema, ilikuwa imelala.

"Haikulala," nilimwambia. "Kila asubuhi kulikuwa mutu Nyangezi anaifungua."

Alisema alikusudia kuniita baadaye, mambo yakishakaa vizuri. Alisema baadaye haikufika. Alisema pia kwamba kama si yeye, kitu kile kingekufa ndani ya chumba cha shangazi, na sasa watoto wengi wataandikwa. Pengine hilo ni kweli. Alilisema akiangalia karatasi, si mimi.

Nilikuwa nimekuja na swali moja tu, na nilikuwa nimelibeba wiki nzima. Katika njia yote ya kwenda kwake nilikuwa nimejitengenezea jibu: kwamba katika majina yote aliyoyafuta, moja aliliacha kwa makusudi, kwa kunijua, kwa aibu, kwa chochote. Ningeweza kusamehe sehemu fulani kwa ajili ya hilo.

"Na mama_iko," niliuliza. "Ile uliiacha juu ya nini?"

Akatafuta mstari kwa kidole. Akaukuta. Niliona usoni mwake kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Hapana, komeri," alisema. "Nayo ilinipita tu."

Mke wake akarudi na karanga. Tulikula karanga. Nilimsifia pazia tena, nikaaga.

Jumatatu nilimweleza mtawa. Alisikiliza macho yamefumbwa, mikono juu ya karatasi yangu. Aliuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Alisema ananiamini. Aliandika barua kwa kampuni siku hiyo hiyo, na alinisomea kabla ya kuituma. Ilikuwa barua ya haki, haikumung'unya maneno. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Walisema wana sahihi ya mwandishi, na jambo lililobaki ni la watu wawili wanaofahamiana.

Hapo nilidhani mtawa ataendelea. Lakini aliniita, akafunga mlango, akaniambia vituo vimekwisha kupokea mashine, wauguzi wameanza kuzoea, na akifungua ugomvi kampuni itazima kila kitu.

"Ma fille, ukweli iko kwako," alisema. "Lakini nakuomba usiuseme mu bituo. Bauguzi batapoteza imani."

Nilimkubalia. Nililia siku hiyo, si siku ile nilipotoka kwa komperi. Nadhani ni kwa sababu yeye alinitazama machoni wakati ananiomba.

Wiki hiyo hiyo nilirekebisha mkato. Ilikuwa mistari mitatu. Ningeweza kuacha, na kuna asubuhi nilipofikiri kuacha, ili kosa liende kwa jina la yule aliyelitia sahihi. Lakini mtoto wa Sange dawa yake inahesabiwa kwa kilo. Nilituma mistari mitatu kwa kampuni kupitia ofisi, haikuwa na jina la mtu, wakaipokea bila neno. Kisha nikahamisha kadi za Nyangezi zote, moja baada ya nyingine, na nilipofika mwisho nikaizima programu yetu kwa mkono wangu mwenyewe, muuguzi wa kule akiwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kama mpya ni nzuri kuliko hii. Nilimjibu kwamba atajikuta anaijua. Akaniangalia kwa namna fulani, akaenda kufungua mlango, maana akina mama walikuwa wamekwisha kujaa barazani.

Komperi aliniandikia ujumbe mrefu. Mwanzo wake uliomba msamaha, katikati palikuwa na neno kutoelewana, mwisho palikuwa na kazi: kampuni ingefurahi kunichukua. Sikujibu. Binti yangu aliniuliza mara moja kwa nini parrain wake, yule baba wa ubatizo, haji tena, nikamwambia ana shughuli nyingi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliomwambia juu ya mtu huyo, na nilimwambia kwa ajili ya mtoto, ingawa najua komperi naye angeweza kusema maneno hayo hayo juu ya uongo wake.

Mwaka huu mwalimu wetu wa chuo alifariki, yule aliyetufundisha kuandika mstari wa kwanza. Nilienda matangani mapema, nikakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Komperi alifika akiwa amevaa koti jeusi. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na mimi. Alisita, akakaa. Tulisalimiana kama watu wanavyosalimiana msibani, kwa sauti ya chini. Tuliimba wimbo ule ule tukiangalia kitabu kimoja, kwa sababu vilikuwa vichache.

Mjane alipopita kushika watu mikono, alitukumbuka. Alisema marehemu alikuwa akitutaja mara nyingi, wanafunzi wake wawili waliokwenda kuandika watoto wa Nyangezi kwenye mashine. Akauliza kama ile kazi yetu ingali inaendelea. Nilimwangalia komperi. Sikutaka kumsaidia, wala sikutaka kumwumbua mbele ya mjane. Nikamngoja.

"Inaendelea, maman," alisema. Kisha akaongeza, akinielekezea mkono: "Njo ye alianzisha."

Mjane akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaenda kwa mtu anayefuata. Kwamba mimi ndiye niliyeanzisha lilikuwa neno la kweli, limesemwa kwa mtu mmoja aliyekuwa na mambo mengine kichwani na ambaye pengine asingelikumbuka kesho. Komperi hakuniangalia. Nilibaki nimeshika upande wangu wa kitabu hadi wimbo ulipoisha, halafu nikamwachia kitabu, nikahamia kiti kilichokuwa kimebaki wazi karibu na wanawake.